Staringi ya Datsun 240Z iliyoshikwa na kutu: amua kwanza ni kipi cha kutupa

Msomaji mmoja wa South B, Nairobi, amerithi kwa mjomba wake Datsun 240Z ya mwaka wa 1972, gari ambalo liliegeshwa Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kuletwa huku juu ya lori. Anataka kubadilisha tairodi endi zote mbili (vile viungo vya mwisho vinavyopeleka mwendo wa staringi kwenye magurudumu) pamoja na mipira ya vumbi ya reki ya staringi (kile kifaa chenye mtaimbo wa meno unaosukuma magurudumu kushoto na kulia). Tatizo ni kwamba tairodi endi ya kushoto imekataa kuchomoka kwenye mkono wa staringi (kipande cha chuma kinachogeuza gurudumu), nati ya kufungia iliyo kwenye tairodi (fimbo inayotoka ndani ya reki) haigeuki, na kiungo cha chini kinachounganisha shafti ya usukani na reki hakisogei hata kidogo. Fundi wake anapendekeza sehemu zote tatu zipashwe kwa gesi mpaka ziwe nyekundu, kisha zigongwe kwa nyundo kubwa. Msomaji anauliza kama akubali, na asipokubali, afanye nini.

Ndugu msomaji, usikubali. Fundi wako hajakosea kusema kwamba joto hulegeza chuma kilichoshikana, na hapa chini mimi mwenyewe nitakuelekeza utumie gesi mahali pamoja. Lakini chuma kikifika wekundu huwa kimepoteza ule ugumu ambao kilipewa kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa mpango, na mkono wa staringi ulioharibika hivyo hauonyeshi dalili yoyote kwa macho. Utarudishwa kwenye gari ukiwa mzuri wa kutazamwa, kisha siku moja upinde au ukatike gurudumu likiingia shimoni. Jambo la kuamua kabla hujashika nyundo ni kifaa kipi unakubali kukipoteza na kipi ni lazima kitoke kizima, kwa kuwa uamuzi huo ndio utakaokuonyesha nguvu uielekeze wapi na moto uuelekeze wapi.

Kwa gari lako hesabu hiyo si ngumu. Tairodi endi unazitupa vyovyote vile, kwa hiyo waweza kuzikata au kuzichana bila majuto, na nati ya kufungia ni kitu cha bei ndogo. Vya kuhifadhi ni mkono wa staringi, tairodi yenyewe inayoingia ndani ya reki, reki, na shafti ya usukani. Ukizunguka Kirinyaga Road, ambako watu wa makamo bado wanakuita Grogan, utapata mtu wa kukuagizia tairodi endi, lakini mkono wa asili wa 240Z ni habari nyingine. Wala usitegemee kununua gari bovu ng'ambo ili ulichinje kwa ajili ya spea, kwa sababu kiwango cha Kenya cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, nawe una gari lililotengenezwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Tunaishi kwa zile zilizokwishafika, na kwa kuwa ni aina hii ya gari iliyowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa Safari Rally mwaka wa 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews mwaka wa 1973, mwenye vipande vya asili haviachii ovyo.

Jambo la pili ambalo fundi wako amelipita haraka ni kwamba sehemu hizo tatu hazikushikana kwa namna moja, na kwa hiyo hazilegezwi kwa namna moja. Nati imeshikwa na kutu iliyojaa katikati ya nyuzi, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana inabana. Tairodi endi imeshikwa na umbo lake: shina lake limechongwa mfano wa koni, likavutwa na nati ndani ya tundu la umbo hilohilo, na hata gari lisilo na chembe ya kutu hukataa kuliachia shina hilo kwa mkono mtupu. Kiungo cha chini cha shafti kimebanwa na bolti inayokumbatia meno ya shafti. Kutu inahitaji muda na joto la kiasi, koni inahitaji mshtuko wa ghafla, na kiungo cha shafti kinahitaji kufunguliwa, si kupigwa.

Anza kwa muda, kwa sababu hauna gharama. Sugua sehemu zote kwa brashi ya waya mpaka nyuzi zionekane wazi, maana mafuta hayapiti kwenye tope lililokauka, kisha pulizia mafuta ya kupenyeza asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, huku ukigongagonga kidogo kwa nyundo ndogo ili mtikisiko uyasaidie kuingia. Mafundi wengi wa jua kali hutumia dizeli, nayo ni afadhali kuliko kukaa bure, lakini ni nzito na hupenya polepole. Mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, hupenya vizuri, ila asetoni hula rangi na mipira na hushika moto upesi, kwa hiyo usiuweke karibu na mahali utakapotumia gesi.

Gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi madhubuti, kwenye sakafu ya saruji, huku magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe au vipande vya mbao. Kazi hii ina kuvuta na kugonga kwingi, na gari lililoachwa juu ya jeki peke yake litaanguka wakati uko chini yake.

Kuhusu spana, Datsun ni gari la milimita, lakini gari lenye umri huu limepitia mikono mingi na si ajabu kukuta bolti ya inchi mahali palipokuwa na ya milimita. Spana ya inchi 9/16 ina upana wa milimita 14.29, kwa hiyo huonekana kama inaingia vizuri kwenye nati ya milimita 14, kisha huizungusha pembe na kukuachia kichwa cha mviringo. Jaribu kwa mkono kabla ya kutia nguvu, na panapowezekana tumia soketi ya pembe sita badala ya ile ya pembe kumi na mbili.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na hapa mpangilio una maana kubwa. Anza na nati ya kufungia ilhali tairodi endi bado imekamatwa kwenye mkono wa staringi. Ukiitoa tairodi endi kwanza, tairodi itabaki ikining'inia na hutakuwa na kitu cha kuishikilia, na nguvu yote ya spana itaishia kwenye kiungo cha ndani ya reki, ambacho hakikuundwa kupokea msokoto wa namna hiyo. Ikiwa bado imeshikwa, gari lenyewe linakushikia. Kabla ya kugeuza chochote, piga mstari wa rangi kutoka kwenye tairodi hadi kwenye nati, kisha pima kwa rula umbali kutoka kwenye nati hadi katikati ya shina la tairodi endi na uuandike, kwa sababu kipimo hicho ndicho kitakachokuwezesha kurudisha magurudumu karibu na mwelekeo wake wa awali. Tazama pia mwelekeo wa nyuzi kwa makini, kwani yapo magari ambayo upande mmoja hufunguka kwa kugeuzwa kinyume na tulivyozoea, na mtu anaweza kukaza kwa nguvu zake zote akidhani anafungua.

Shika tairodi kwa spana kwenye sehemu yake bapa, weka spana nyingine kwenye nati, na uanze kwa kuikaza nati kidogo, si kuifungua. Mwendo ule mdogo wa kukaza huvunja kutu pande zote mbili za uzi. Ikisogea, hata kama ni kwa upana wa unywele, rudi nyuma, ongeza mafuta, kaza tena, fungua tena, wala usiwe na haraka ya kuimaliza kwa mvuto mmoja.

Isiposogea, hapa ndipo mahali pamoja ninapokubali gesi. Vuta mpira wa vumbi mbali, au uutoe kabisa kwa kuwa unaubadilisha, futa mafuta yote uliyopulizia, weka kizima moto karibu, kisha elekeza moto mdogo kwenye nati peke yake, si kwenye tairodi. Nati ya kipenyo cha milimita 14 iliyopashwa digrii 200 zaidi ya tairodi hupanuka takriban sehemu tatu za mia za milimita, na ufa huo mdogo unatosha kuivunja kutu. Ili ujue umefika wapi, sugua upande mmoja wa nati kwa msasa mpaka ung'ae kabla ya kuwasha gesi, kisha utazame rangi inavyobadilika. Chuma kitaanza kuwa cha manjano hafifu kikikaribia digrii 230, kitapita kwenye kahawia na zambarau, na karibu na digrii 300 kitakuwa cha buluu. Ukiona buluu, ondoa moto na ugeuze spana papo hapo, kabla joto halijasambaa na kuipanua tairodi nayo. Ikikataa, iache ipoe, kisha rudia, kwa sababu mara nyingi ni kule kupanuka na kunywea mara kadhaa kunakoilegeza. Kamwe usipulizie mafuta ya kupenyeza kwenye chuma cha moto, maana moshi wake huwaka. Mshumaa uliogusishwa kwenye ukingo wa nati wakati bado ina joto huyeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi, nao ni salama zaidi kidogo kuliko mafuta.

Na kama bado imegoma, kumbuka ule uamuzi wa mwanzo: nati ni ya kutupwa. Ikate kwa grainda upande mmoja bapa mpaka ukaribie nyuzi bila kuzigusa, kisha ipasue kwa tindo. Tairodi itabaki salama.

Nati ikishageuka, nenda kwenye tairodi endi. Nyoosha na utoe spiliti pini (ile pini inayozuia nati isijifungue), na ikikatika ndani ya tundu itoboe kwa drili, kisha fungua nati ya shina lakini usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi chache kwenye ncha, kwa sababu shina likiachia huruka kwa kishindo, na nati ndiyo itakayolizuia. Usipige ncha ya shina kutoka chini kwenda juu kama wafanyavyo wengi. Pigo hilo huvimbisha nyuzi, na sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kwenye mpira na kiungo badala ya kufika kwenye koni.

Mahali pa kupiga ni ubavuni mwa mkono wa staringi, kwenye ile pete nene ya chuma inayozunguka tundu. Weka nyundo nzito, ya kilo 2 hivi, ikae imara upande mmoja wa pete, kisha piga upande wa pili kwa nyundo ya kilo 1, pigo la kavu na la haraka, si la kusukuma. Kwa muda mfupi mno pete hubonyea na tundu la mviringo huwa la yai, na koni iliyokuwa imebanwa pande zote hupoteza mshiko. Nyundo ile ya pili isipowekwa, mkono utayumba pamoja na pigo na nguvu yako itapotea kwenye boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka) na beringi za gurudumu. Ukiwa na pula ya boljointi, ile ya taya mbili na bolti ya katikati, ikaze kwanza mpaka iwe na mvuto mkubwa, vaa miwani ya kazi, kisha upige ubavuni huku pula ikiendelea kuvuta. Pula peke yake inaweza kukaa siku nzima bila jibu, na nyundo peke yake inaweza kuchosha mkono, lakini zikifanya kazi pamoja ni nadra koni kuendelea kukataa. Kwa swali ambalo huenda linakujia, ndiyo, pula ni ya kununua, tena nzuri, kwa sababu zile za chuma hafifu hupinda taya siku ya kwanza.

Uma wa kabari, ule unaopigiliwa katikati ya mkono na mpira, ni wa kutumia pale tu kiungo kinapotupwa, kwa kuwa huuchana mpira wake. Wewe unatupa, kwa hiyo unaruhusiwa, ila usiuelekeze kwenye boljointi ya chini kama hiyo bado ni nzima.

240Z ina mlango mwingine ambao magari mengi hayana. Mkono wa staringi haukufuliwa pamoja na mguu wa shoki (nguzo yenye shoki na springi inayobeba gurudumu), bali umefungwa chini yake kwa bolti mbili, na boljointi nayo imefungwa kwenye mkono wa chini wa gurudumu kwa bolti zake. Nyundo na pula zikishindwa, fungua bolti hizo zote, na mkono wa staringi utatoka ukiwa na tairodi endi na boljointi zake zikiwa bado zimeshikana. Springi imefungwa ndani ya mguu wa shoki wenyewe, kwa hiyo haitaruka maadamu hujagusa nati ya juu. Funga tu mguu huo kwa waya ili usivute paipu ya mpira ya breki. Ukishaitenga tairodi endi na tairodi, upeleke mkono kwenye karakana yoyote ya Industrial Area au Kariobangi Light Industries yenye presi ya haidroli, uambie waushikilie kwenye pete yake, karibu kabisa na tundu, na koni itasukumwa nje bila moto wowote. Ni kazi ya ziada, lakini ndiyo ningeichagua mimi kuliko kuupasha moto mkono huo hata kwa joto la wastani.

Kiungo cha chini cha shafti nimekiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu huenda huhitaji kukigusa kabisa. Mipira ya vumbi huchomolewa kupitia kwenye tairodi baada ya tairodi endi na nati yake kutoka, ilhali reki imekaa palepale. Sababu ya kuitoa reki ni moja tu: iwe imeharibika. Toa mpira wa vumbi na utazame ule mtaimbo unaoingia ndani ya reki. Ukiona grisi ya zamani, ngumu lakini yenye rangi ya kawaida, safisha, tia mpya, na ukiache kiungo kilivyo. Ukiona maji, tope la kahawia au vishimo vya kutu kwenye chuma kinachoteleza, jambo linalowezekana kwa gari lililokaa karibu na bahari, basi reki itoke, maana kutu hiyo itaichana mipira na bushi mpya ndani ya muda mfupi.

Kama ni lazima, weka usukani katikati, ufunge usizunguke, na utie alama ya rangi kwenye kiungo na kwenye shafti ya reki ili meno yarudi palepale. Bolti ya kiungo itoke yote. Wengi huilegeza tu kisha huanza kuvuta, ilhali bolti ya namna hii hupita ndani ya mfereji uliochongwa kwenye shafti, na hata ikilegea namna gani bado inaizuia. Ikishatoka, ingiza bisibisi bapa kwenye ufa wa kiungo uupanue kidogo, pulizia mafuta, kisha fungua bolti za vishikio vya reki na uivute reki yenyewe mbali na shafti. Kuivuta reki ni bora kuliko kuipiga shafti, kwa sababu pigo la kwenda chini linaingia kwenye beringi ya pinioni (gia ndogo ya reki), na la kwenda juu linaingia kwenye kolamu ya usukani, ambayo katika magari mengi imetengenezwa ijikunje wakati wa ajali kwa kukata pini laini zilizomo ndani yake. Uzuri ni kwamba gari letu lina usukani wa kulia, na katika injini ya L24, ambayo ndiyo ya 240Z, kabureta na ekzosi ziko upande wa kushoto, kwa hiyo una nafasi ya kutosha ya mkono na spana. Moto hapa usitumike hata kidogo, kwani kiungo chenyewe kina mpira, na mwili wa reki ukiwa wa aluminiamu, jambo ambalo sumaku itakuonyesha mara moja, chuma hicho huharibika bila kubadilika rangi.

Kabla ya kurudisha chochote, kagua mkono wa staringi. Uoshe, uloweke kwenye mafuta ya taa kwa muda, uukaushe kabisa kwa kitambaa, kisha uupake unga wa chaki uliokorogwa na spiriti na uuache ukauke. Penye ufa, mafuta ya taa yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Tundu likiwa limechakaa, au shina jipya likicheza ndani yake likiwa bado halijakazwa, mkono huo umekwisha. Mtu akijitolea kukuchomelea au kukujazia tundu kwa welding, mshukuru na muachane kwa amani. Mkono wa staringi hauchomelewi.

Koni na tundu lake zirudishwe zikiwa safi na kavu, bila grisi, kwa sababu mshiko wake unatokana na chuma kugusana na chuma. Nyuzi za tairodi ndizo za kupakwa grisi kidogo, ili atakayefungua baada yako asipate taabu hii. Nati ya shina ikazwe kwa spana ya kupimia mkazo kufuatana na kitabu cha gari, na kama tundu la spiliti pini halijalingana, endelea kukaza mpaka lilingane, usirudi nyuma. Spiliti pini iwe mpya. Rudisha tairodi endi kwa kile kipimo ulichoandika, pande zote mbili, kisha uliendeshe gari polepole, kwa barabara za ndani, moja kwa moja hadi kwa mtu wa wheel alignment, kwa kuwa kipimo cha rula hakitoshi kwa mwendo wa Thika Road. Mwambie aiweke reki katikati kabla ya kurekebisha tairodi, arekebishe pande zote mbili kwa kiasi sawa, na akimaliza uhakikishe mwenyewe kwamba nati zote mbili za kufungia zimekazwa na mipira ya vumbi haikusokotwa.